Aliyevushwa Kijito

Zilibaki siku nane Sajini Malachy Treanor astaafu, na watu wa Drumgorra walikuwa wameshaanza kumtania. Dukani walimuuliza kama atafuga kuku au atatafuta mke, kana kwamba mambo hayo mawili huombewa kibali kimoja. Alicheka nao. Karibu miaka thelathini alikuwa mpelelezi pale mpakani, amekamata wezi wa ng'ombe na wapika dizeli ya magendo, na hakuna aliyewahi kumtia doa. Watu walimsifu hivyo mbele yake, na kila waliposema neno hilo, doa, alitafuta sababu ya kuondoka.

Jumanne asubuhi, mvua ya jimbo la Monaghan ikinyesha bila haraka ya kwenda kwao, aliingia ofisini mwanamke mrefu mwenye faili kwapani. Alikuwa Inspekta Heather Moffett, kutoka kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Kazi yake ilikuwa kufungua upya vifo vya miaka ile ya bunduki ambavyo wauaji hawakujulikana.

"Nimeambiwa wewe ndiye unayemjua kila mtu hapa, na babu yake," akasema.

"Na mbwa wao. Kaa, Inspekta. Chai?"

"Chai baadaye. Hughie Sherry, Februari ya sabini na tisa. Unamkumbuka?"

Malachy alikuwa ameinua birika. Akalirudisha mezani bila kumimina. "Namkumbuka. Dada yake bado yu hai."

"Ndiye aliyetuandikia. Barua kumi na moja. Na kila barua inataja jina lako." Moffett akamtazama. "Kwa wema."

Laiti angetajwa kwa ubaya! Ubaya angejua jinsi ya kuujibu. Miaka yote tangu kifo hicho dada huyo, Attracta Sherry, hakukosa kumletea keki ya zabibu kila Krismasi, na kila Novemba alimlipia padri misa ya kumwombea marehemu mama yake Malachy. Malachy aliila keki ile amesimama jikoni kwake, haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa.

Garini akajaribu kumrudisha mgeni nyuma. "Yaliyopita si ndwele, Inspekta. Yule mama ana miaka sabini na minne. Tukamtoneshe kidonda kwa faida ya nani?"

"Hajaniambia kuwa kimepona," Moffett akajibu, na gari likaendelea mpaka kwenye kijito cha mpakani alikookotwa Hughie.

Kijito chenyewe ukikitazama utacheka. Ng'ombe mzembe hukivuka bila kulowesha tumbo. Lakini hapo ndipo nchi moja ilipokwisha na nyingine kuanza, na ubao mmoja mpana ndio uliokuwa daraja. Moffett alivuka, akasimama kwenye majani ya upande wake, akatoa picha kwenye faili.

"Alilala hapa. Na watu wote, kwenu na kwetu, wakasema Vijana ndio waliomuua."

Vijana ndilo jina watu wa mpakani walilowaita wenye bunduki waliopigana na jeshi la kaskazini wakati ule. Mtu akiokotwa amekufa kando ya mpaka, hakuna aliyeuliza maswali. Ilisemwa tu kwamba aliwapelekea wanajeshi siri za jirani zake, na Vijana wamemlipa haki yake. Lisemwalo lipo, wakaambiana, na familia ikabaki na jina hilo kama harufu isiyotoka kwenye nguo.

"Lakini Vijana walikuwa wakijitangaza," Moffett akaendelea. "Wakimuua mtoa siri walipeleka taarifa gazetini. Kwa Hughie hawakusema neno. Tena hana tundu la risasi. Daktari alikuta paja limevunjika, mbavu nne zimevunjika, na vipande vya kioo cha taa kwenye koti. Aligongwa na gari, Sajini."

"Inawezekana."

"Haya, wewe ni mpelelezi. Gari lilipitia wapi?" Akanyoosha mkono kuelekea njia iliyopanda kilima nyuma yake. "Jeshi letu liliilipua njia hii mwaka sabini na mbili, magari yasivuke. Shimo pale la kuzika trekta, na matofali ya zege juu yake. Baiskeli ilipita kwa kubebwa begani. Mtu wa kugongwa na gari alipaswa kuwa kule uliko wewe. Kwa hiyo aligongwa kwenu, halafu akavushwa."

Malachy aliyatazama maji. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeuliza swali hilo jepesi, naye mwenyewe, anayelipwa kuuliza, ndiye aliyehakikisha haliulizwi.

"Kuna jingine, na hili ndilo linaloniuma," Moffett akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kituo chenu kilitupigia simu Jumamosi saa kumi jioni: njooni mchukue maiti yenu. Wanajeshi waliogopa. Walikuwa wameshapoteza wenzao kwa bomu lililofichwa chini ya maiti. Wakamwangalia kwa darubini tu, wakangoja mpaka Jumapili adhuhuri ndipo wakamkaribia. Daktari anasema alikufa alfajiri ya Jumapili."

"Alfajiri?"

"Alikuwa hai, Sajini. Watu walipoambiwa ni maiti, mtu huyu alikuwa hai, na alilala kwenye barafu kwa muda wa saa kumi na mbili au zaidi huku wanamtazama."

Malachy aligeuka kana kwamba kuna mtu amemwita. Daktari yule alikuwa wa kaskazini na karatasi zake zilibaki kaskazini. Hakuwahi kuziomba. Mpelelezi mzima, hakuwahi kuziomba.

Jumamosi ile yeye na Sajini Cafferkey, mkubwa wake, walitakiwa wawe kwenye kizuizi cha njia ya upande wao, inayopita kando ya kijito, wakikagua magari. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Cafferkey, mtu wa jimbo la Mayo aliyeichukia Monaghan kwa moyo wake wote, akasema kizuizi hakina miguu, hakitatoroka. Wakaenda kwenye baa ya McGinn kula nyama na kabichi mbele ya moto. Waliporudi saa tisa na nusu walimkuta Hughie Sherry amelala kando ya njia, upande wao, baiskeli yake imejikunja na vioo vya taa vimetapakaa. Mgongaji alikuwa ameshakwenda zake, na mpaka leo hajulikani.

Cafferkey alimgusa shingo bila kuvua glovu. "Amekwisha huyu," akasema. Kisha akasimama akikuna kidevu. "Akikutwa hapa, bwana mdogo, Jumatatu wakubwa wa Dublin watakuwa mezani kwangu wakiuliza tulikuwa wapi. Tuwajibu nini? Kabichi?"

"Sasa tufanye nini, Sajini?"

"Ndama akifa huwa anafanywa nini?"

Hilo lilikuwa jambo la kuchekesha mpaka siku ile. Mkulima wa upande wowote wa kijito akifiwa na ndama, alimvusha kimya kimya na kumlaza ng'ambo, ili halmashauri ya nchi ile ndiyo ipate taabu ya kumzika. Mizoga mingine ilivuka na kurudi mara tatu kabla ya kupata kaburi. Wote walifanya hivyo, polisi wakijua, mapadri wakijua, na kwenye baa lilikuwa chakula cha mzaha. Cafferkey aliingiza mikono chini ya mabega ya Hughie, na Malachy, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili na miezi minane kazini, akashika miguu.

Hatua kumi na nne. Katikati ya ubao mguu wa kulia ulijivuta. Ulijivuta kidogo tu, kama wa mtu aliye usingizini anayetafuta blanketi. Malachy alifungua mdomo. Cafferkey alikuwa akirudi kinyumenyume, anahema, uso mwekundu, anasema angalia usiteleze. Mdomo ukafungwa. Na tuseme kweli, hakumwogopa Cafferkey. Aliogopa kuonekana mjinga: kijana wa kuja jana anayemwambia sajini hawezi kumtambua maiti. Kwa woga mdogo namna hiyo, wa kitoto, alimlaza mtu kwenye majani na kwenda zake.

Baadaye alijiambia kwamba hata kuku aliyechinjwa hurusha miguu. Aliishi kwa kuku huyo miaka thelathini. Sasa hapo ukingoni, mvua ikimwingia kolani, kuku huyo naye akamwacha.

"Nani alipiga simu ile?" Moffett akauliza.

"Cafferkey. Alikufa mwaka tisini na moja."

"Alimvusha peke yake? Hughie alikuwa na kilo tisini."

Malachy aliutazama ubao. Ilikuwa rahisi mno. Marehemu hana wakili. Angeweza kumtwika Cafferkey mzigo wote, na dunia ingesema pole, Sajini, na wewe ulidanganywa. Siku nane tu, kisha pensheni, na sherehe ndogo ukumbini na hotuba ya padri. Na Attracta angeendelea kuleta keki.

Moffett alimpa nafasi ya kusema, akaona haitumiki, akafunga faili. "Twende kwa dada yake basi. Nusu ya ukweli niliyo nayo ni haki yake aipate leo."

Attracta Sherry aliliona gari tangu linapinda kwenye njia ya nyumba yake. Walipoingia jikoni, meza ilikuwa na mkate mweusi, siagi, nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba, na keki. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mkavu, mwenye macho yasiyokaa mahali pamoja.

"Karibu, mwanangu," akamwambia Malachy, akamshika mashavu kwa mikono miwili. "Umekonda! Hao wa kituoni wanakulisha karatasi? Kaa hapo, kiti chako. Na wewe, Inspekta, karibu, hata kama umetoka kule."

"Asante, mama. Huko nitokako pia tunakula," Moffett akasema, na mama akapendezwa naye.

Akamimina chai. Alipomaliza hakuketi. "Kabla hujasema la kwako, Inspekta, nataka umjue mtu uliyekuja naye, maana yeye hajisifu. Hughie aliletwa hapa Jumatano. Nikamlaza chumba kile, mshumaa kichwani, mshumaa miguuni. Umewahi kuona mkesha wa maiti wa watu wetu?"

"Nimehudhuria."

"Basi unajua. Hata mwizi akifa watu wanakuja. Hata mtu uliyegombana naye kwa ajili ya ukuta wa shamba, unakwenda, unamshika mkono dada yake, unasema pole kwa msiba, unakunywa chai yake. Usipokwenda umemwambia yeye na Mungu kwamba yule hakuwa mtu. Nilikata mikate sita. Nilichemsha mapaja mawili ya nguruwe. Niliazima viti thelathini ukumbini kwa padri, na sigara nikazipanga kwenye sahani. Nikavaa nguo nyeusi nikakaa mlangoni." Akavuta pumzi. "Magari yalipita pale barabarani. Niliyajua yote kwa sauti. Yakifika kwenye geti langu yanaongeza mwendo. Binamu zangu wa mji wa Clones hawakuja. Mwalimu wake hakuja. Padri alikuja mchana, akasali akiwa na koti, akaenda. Siku mbili, Inspekta. Viti thelathini."

Moffett alikuwa ameacha kuandika.

"Kisha siku ya pili, mlango ukagongwa. Nikaona kijana wa polisi, kofia mkononi, mweupe kama ukuta. Akaingia kwa Hughie, akasimama pale muda mrefu. Akatoka akanishika mkono, akasema pole kwa msiba. Akala sandwichi mbili! Nilimwangalia anavyokula nikajiambia, Attracta, ndugu yako alikuwa mtu. Kuna aliyekuja." Akamwekea Malachy kipande cha keki kwenye sahani, kikubwa kuliko cha mgeni. "Haya, nimemaliza. Sema lako."

Moffett akasema kwa upole, bila kuzungusha. Hughie hakuuawa na Vijana. Kwenye majalada ya jeshi na ya polisi wa kaskazini alikuwa ametafuta jina lake siku arobaini, halimo. Hakumpelekea mtu yeyote siri yoyote. Aligongwa na gari akienda nyumbani kwa baiskeli, upande wa kusini, na mtu akamhamishia ng'ambo ili asiwe shida yao.

Attracta alikalia kiti kilichokuwa karibu, na si chake. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha. "Nilijua," akasema. "Nilijua, nilijua. Hughie hakuweza kutunza siri ya zawadi ya Krismasi, angepeleka siri gani?" Akacheka na kulia pamoja. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, akaushika wa Malachy, akaubana. "Umesikia, mwanangu? Na wewe ulijua. Siku zote ulijua kuwa hana kosa. Ndiyo maana ulikuja."

Malachy alitazama mkono ule wenye mishipa ya samawati juu ya mkono wake. Alikuwa ameshajiandaa kuvumilia huzuni ya mama huyu, hata hasira yake. Shukrani hakuweza.

"Mimi ndiye niliyeshika miguu," akasema.

"Miguu gani?"

"Ya Hughie. Cafferkey alishika mabega, mimi nikashika miguu. Tulikuwa tunakula nyama na kabichi kwa McGinn wakati tulipotakiwa kuwa njiani. Tulimkuta upande wetu. Tukamvusha."

Mkono haukuondoka. Ilionekana umesahauliwa pale. Moffett alichukua kalamu, akaishika tu.

"Alikuwa hai, mama," Malachy akasema. "Tulipokuwa kwenye ubao mguu wake ulijivuta. Niliuhisi. Sikusema. Leo Inspekta ameniambia alikufa alfajiri. Nisingehitaji kuambiwa, ningeweza kuuliza wakati wowote, lakini sikuuliza kwa sababu nilijua."

Sasa mkono uliondoka. Attracta aliurudisha mapajani, akauweka juu ya mwenzake.

"Alisema kitu?"

"Hapana."

"Mlimfunika?"

"Hapana. Nilikuwa na koti la mvua. Cafferkey akasema maiti haisikii baridi."

"Na wewe ulikuwa unajua si maiti."

"Ndiyo."

Nje maji yalikuwa yakitiririka kwenye mfereji wa paa. Malachy aliomba moyoni kwamba mama amtukane, amrushie sahani, ampige. Alikuwa amekuja na mwili mzima tayari kwa hilo.

"Siku ile ya mkesha," Attracta akasema hatimaye, "ulikuja kwa sababu gani?"

Hapo pia palikuwa na uongo wa kumfaa, uongo wa huruma, na Malachy aliuona umekaa tayari. Nilikuja kwa majuto. Nilikuja kumwomba radhi. Mama angeukubali, pengine alikuwa anauomba.

"Nilikuja kusikiliza kama kuna mtu anajua lolote," akasema.

"Hukuja kumlilia Hughie."

"Hapana, mama."

Attracta aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, polepole. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayerudi nyuma kupita vyumba vyote vya maisha yake, akizima taa moja moja.

"Basi hakuna aliyekuja," akasema.

Moffett alisimama. Alimwambia Malachy kwa sauti ya kazi kwamba maelezo hayo atayatoa upya kwa maandishi, mbele ya wakubwa wake, na kwamba ni afadhali aanze leo. Malachy naye akasimama. Kwa mazoea ya mtu anayeaga nyumba yenye msiba akanyoosha mkono. Attracta aliutazama ukining'inia pale juu ya keki, kisha akamgeukia mgeni.

"Inspekta, hiyo barua ya kusema Hughie hakuwa mtoa siri, inaweza kusomwa kanisani Jumapili?"

"Inaweza. Nitaiandika mwenyewe."

"Iwe na jina la aliyembeba. Na sababu ya kumbeba. Na hiyo kabichi pia iwemo."

"Itakuwemo."

"Nitaisoma mimi," Malachy akasema. "Niruhusu niisome mimi, mama, mbele ya watu wote."

"Wewe utakaa kwenye benchi," Attracta akasema, huku akikusanya sahani, "kama wenzako wasiokuja."